Vibao vya Bwana Miti

Habari ya kifo cha Bwana Miti ilinikuta Dodoma, nimekaa kwenye benchi la zahanati nangoja dawa zangu za presha, na jambo la kwanza nililofanya, Mungu anisamehe, ni kukasirika. Nilimkasirikia kwa kufa kabla sijaenda. Aliyenipigia simu ni mwenzangu mmoja tuliyesoma naye, ambaye mpaka leo anaishi Singida. "Paskalina," alisema, "yule mzee wako wa bustani ametangulia. Wanazika leo alasiri." Mzee wako! Kwa karibu miaka thelathini sikuwa nimekanyaga mlangoni kwake, na bado watu walimhesabu kuwa wangu. Kesho yake alfajiri nikapanda basi. Kuna sentensi moja niliyopaswa kumwambia tangu nikiwa msichana: kwamba mwandiko wa kile kibao ulikuwa wangu. Basi lilipopita Manyoni nilikuwa nimeipanga vizuri. Tulipofika Issuna nilikuwa nimeivuruga tena, nikijiuliza nitamwambia nani sasa, na itamfaa nini.

Ya nyumbani kwetu nayaruka; wazazi wangu walikuwa watu wema na hawamo katika habari hii. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na matokeo ya kunitosha kusoma gazeti tu. Zilikuwa zile siku soko lilipofunguliwa. Maduka ya Singida, ambayo utotoni mwangu yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, sasa yalijaa sabuni za kila rangi, redio za kaseti na viatu vya mtumba vilivyofungwa kamba mbili mbili. Vitu vilijaa, kazi zikapungua. Watu waliokuwa maofisini tangu Uhuru walikuwa wakipunguzwa, na neno hilo, kupunguzwa, lilisemwa kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa. Mimi nilipanga chumba Unyambwa, kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Naomi, kwenye nyumba ya tembe yenye sebule ya giza iliyonukia moshi na maziwa mgando. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, na dirisha la ukubwa wa sahani. Nikikumbuka leo, nyumba yangu ya Dodoma yenye vigae naiona kubwa kupita kiasi.

Kazi niliyopata ilikuwa ya kibarua katika bustani ya miti, chini kidogo ya mji, pale mawe makubwa yanapoachia nafasi upande wa ziwa. Mzungu mmoja wa misitu aliianzisha kabla ya Uhuru ili aone ni miti gani itavumilia upepo wetu na maji yetu ya magadi. Ilizungushiwa ua wa minyaa, na ndani yake mlikuwa na vitu ambavyo mtu wa Singida hakuviona kwingine: mbambakofi ulioletwa kutoka pwani ukadumaa, mijakaranda miwili, mwegea wenye matunda yanayoning'inia kama magunzi ya majitu, na mti wa msafiri uliofungua majani yake kama kipepeo, ukinyweshwa maji ya kunawia miguu. Mkuu wa bustani alikuwa Mzee Juma Ntandu, lakini jina hilo lilitumika siku ya mshahara tu. Siku nyingine zote alikuwa Bwana Miti, mfupi, mwenye makatambuga ya tairi miguuni na kofia ya kaki iliyoliwa na jua, na alikuwa na tabia ya kumsalimia mti kabla ya mtu. Nilianza kwa kujaza udongo kwenye viriba vya miche. Siku ya tatu aliniona nikiandika jina langu kwenye daftari la mahudhurio, akaliinua daftari hadi puani.

"Wewe binti, mwandiko huu umeutoa wapi?"

"Shuleni kwa masista, Bwana Miti."

"Basi leo umetoka kwenye udongo. Nenda kanawe mikono."

Alikuwa na ndoto, na ndoto yenyewe ilikuwa na picha. Ujana wake serikali ilimpeleka kusoma mambo ya misitu Australia, katika mji mmoja ambao, kwa maelezo yake, kipupwe chake ni kama Julai yetu na kiangazi chake kinatoa jasho kama Tanga. Mji huo ulikuwa na bustani ya mimea kando ya mto, na kila Jumapili, wenzake walipokwenda kutazama mpira, yeye alikwenda huko. Aliizungumzia kama wanaume wengine wanavyomzungumzia mchumba waliyemkosa. Saa ya chakula, mkewe, Mama Mwajuma, alipotuletea ugali wa uwele na mlenda katika sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, Bwana Miti alifungua albamu yake ndogo magotini na kutuonyesha: mkuyu ulioteremsha mizizi kutoka matawini mpaka ukawa nyumba ya nguzo mia, yungiyungi lenye majani mapana kama nyungo, yanayoweza kumbeba mtoto, mti ulionenepa katikati kama chupa, na msonobari wenye makoko mazito kama maboga, ambao watu walikatazwa kukaa chini yake wakati wa kuiva. Mama Mwajuma alikuwa amezisikia habari hizi mara nyingi kuliko idadi ya pasaka zangu. "Kula kwanza," alimwambia. "Huko kwenu Australia hawali?" Naye alicheka, akala tonge mbili, akarudi kwenye albamu. Jambo lililomvutia zaidi lilikuwa vibao. Kila mti ulikuwa na kibao chake. "Mgeni anaingia hajui kitu," alisema, "anatoka na majina kumi kichwani. Mtu akishajua jina la mti, hataukata ovyo. Utaona."

Hilo halikuwa suala la kupamba tu. Tulikuwa tumewasikia. Siku moja wanaume wawili wenye mkanda wa kupimia walipita nje ya ua wa minyaa, na mmoja alimwambia mwenzake kwamba mahali pazuri namna ile kwa nini pakaliwe na miti wakati watu wanatafuta viwanja. Bwana Miti alikuwa amechuchumaa ndani ya ua akipandikiza miche, akasikia kila neno, akaendelea kupandikiza. Jioni aliniambia kwamba ujumbe wa wakubwa utakuja kukagua mwanzoni mwa mvua, na bustani isiyo na wageni itafungwa. Basi tukatengeneza vibao. Fundi bati alikata madebe ya mafuta, tukayapaka rangi nyeupe, nami nikaandika kwa rangi nyeusi na brashi niliyoipunguza nywele. Mistari mitatu: jina la Kiswahili na la Kinyaturu, jina la kitaalamu, na mahali mti unakotoka. Waya ulifungwa kwa kulegea ili usiukabe mti unaponenepa. Sijawahi, katika miaka yangu yote ya ualimu iliyofuata, kuandika kitu kwa furaha kama ile.

Na wageni walikuja. Jumapili baada ya ibada walikuja wasichana na viatu vyao vya mtumba. Idi walikuja vijana wakipigwa picha chini ya mjakaranda. Kazi yangu ikawa kuwatembeza. Nilisoma vibao kwa sauti, nikaeleza Madagaska ni wapi na Brazili ni wapi, nao walinisikiliza kwa adabu sana mpaka mwisho, halafu kila mmoja, mzee kwa kijana, Mwislamu kwa Mkristo, aliuliza swali lile lile: "Na huu ni dawa ya nini?" Sisi ndivyo tulivyo. Mti usiotibu kitu kwetu ni kama mgeni asiyesema anatoka kwa nani. Nilipokosa jibu niliona aibu, kwa hiyo nikaanza kuuliza. Nilimuuliza Mama Naomi jikoni wakati akisonga ugali, nikawauliza wageni wenyewe, nikayaandika yote kwenye daftari. Kisha Bwana Miti akaitwa Dodoma kwa wiki mbili, kwenye mkutano wa mambo ya kazi, nami nikabaki na rangi, brashi na kichwa changu kikubwa. Nikaongeza mstari wa nne kwenye kila kibao.

Kibao kilichonipendeza kuliko vyote kilikuwa cha mninga. Mjini Singida hapakuwa na mninga mwingine. Huo Bwana Miti aliuleta mwenyewe kutoka Itigi, mche wa kiganja, aliporudi kutoka Australia. Na mninga una tabia ya kuwajaribu watu, maana miaka saba mfululizo shina lake lilikufa kila kiangazi na kuchipua tena na mvua, hadi mwaka wa nane lilipoamua kuishi. Sasa ulikuwa umepita paa la stoo, na kabla ya mvua ulitoa maua ya njano yaliyojaa nyuki. Ulikuwa mti pekee ambao Bwana Miti aliupapasa kila alipopita. Mimi nikauandikia, kwa herufi ambazo masista wangezipigia makofi: *Magome yake huongeza damu mwilini.*

Bwana Miti alirudi kutoka Dodoma amekonda. Alizunguka bustani nzima peke yake, mikono mgongoni, akisoma. Nilimfuata kwa mbali nikisubiri sifa. Alipofika kwenye mninga alisimama, akaniita.

"Nani amekutuma uandike mstari huu?"

"Wageni wanauliza, Bwana Miti. Kila mtu anauliza."

"Najua wanauliza. Hata mimi mama yangu alikuwa anauliza." Aliugusa mti. "Binti, mti ukishaandikiwa kazi, utafanyishwa kazi. Futa mstari wa nne. Vyote."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Nilichukua rangi nyeupe nikafuta kimoja kimoja, siku mbili, huku nimevuta mdomo. Nikafuta vyote isipokuwa kimoja. Herufi zile za mninga zilikuwa zimekaa vizuri mno, na nilijiambia nitakifuta kesho. Kesho ikawa na kazi nyingine. Niliposikia wageni wakikisoma kwa sauti, nilisimama karibu ili waulize ni nani aliyeandika.

Wakati huohuo Naomi, binti wa mwenye nyumba wangu, alijifungua, na damu ikamtoka nyingi. Alirudi nyumbani akiwa mweupe midomoni kama mtu aliyelamba unga. Hospitali sasa walitaka mtu achangie matibabu, jambo ambalo kwa Mama Naomi lilikuwa geni na la kudhalilisha, na kuku wake wote walikuwa wamekwisha kwenda sokoni. Alasiri moja nilirudi kutoka kazini nikakuta sufuria jikoni inachemka, na maji yake ni mekundu. Magome yalikuwa kwenye ungo, mapya, yakitoka utomvu kama kidonda. Niliyatambua kabla sijauliza. Mama Naomi aliniona nimesimama mlangoni, akasema kwa utulivu, "Nimechukua kidogo tu, mwanangu. Nimechukua kama inavyotakiwa." Akanieleza inavyotakiwa: magome ya dawa hayachubuliwi ovyo, unachukua kiganja kimoja upande jua linapochomoza na kiganja kimoja upande linapozama, na unaacha punje za uwele shinani. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mti uliochukuliwa hivyo hupona kabla ya mwaka kwisha. Ndani, Naomi alikuwa akinywa kwa vijiko, na mtoto akilia pembeni. Nilikaa nikala mlenda wao nikanyamaza, na usiku ule nililala vizuri, maana nilidhani viganja viwili haviui mti.

Viganja viwili haviui mti. Ila Mama Naomi hakuwa peke yake aliyekuwa na mgonjwa wala peke yake aliyejua kusoma. Asubuhi baada ya asubuhi nilikuta jeraha jipya limeongezwa kando ya jingine, na uwele umemwagwa shinani, kuku wa jirani wakiufurahia. Hakuna aliyekuwa mlafi. Hakuna aliyevunja mila. Kila mmoja alichukua kiganja mashariki na kiganja magharibi, kwa heshima, kama alivyofundishwa porini ambako mininga ni mingi, na huyu akampisha yule, mpaka viganja vya mashariki vikanyemelea kaskazini, vya magharibi vikazungukia kusini, vikakutana. Sikufuta kibao hata wakati huo. Nikikifuta, Bwana Miti angejua kwamba sikukifuta mwanzo. Yeye alipaka majeraha udongo wa kichuguu na kinyesi cha ng'ombe, akayafunga kwa magunia, akakaa na watu getini akawasihi. Walimpa shikamoo, akawaitikia marahaba, nao wakarudi alfajiri. Nasikia hata leo watu wakisema umaskini haujui miti. Si kweli. Wale waliujua mti vizuri sana, na niliyewaonyesha ulipo ni mimi.

Mvua zilipoanza, mninga haukuchipua. Tuliungoja kama mtu anavyongoja mgonjwa afumbue macho. Ujumbe wa wakubwa ulikuja siku ya jua kali, watu wanne, na mmoja wao, ofisa aliyevaa tai, alisimama mbele ya mti ule mkavu uliochubuliwa pande zote akasoma kibao kwa sauti. Akageuka. "Mzee, hii ni bustani ya serikali au duka la mganga? Nani aliandika upuuzi huu?" Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimeshika daftari la wageni. Nilifungua mdomo. Nakuapieni, nilifungua mdomo. Bwana Miti alivua kofia yake akasema, "Niliandika mimi." Ofisa akaandika kitu. Bwana Miti hakunitazama hata kidogo, na mimi nikaufunga mdomo wangu, na haukufunguka kwa miaka karibu thelathini.

Kabla ya Pasaka alikuwa amepunguzwa, na bustani ikawa viwanja. Mimi nilipata nafasi ya chuo cha ualimu, nikaondoka Singida bila kumuaga, eti basi lilikuwa linawahi. Naomi alipona, sijui kwa magome au kwa maini ambayo kaka yake alileta baadaye. Mama Naomi hakuwa na shaka ni nini. Nilianza barua nyingi. Zote zilikuwa na salamu ndefu na hazikufika kwenye jambo lenyewe. Kadiri nilivyochelewa, ndivyo kwenda kulivyozidi kuwa kugumu, mpaka kuchelewa kwenyewe kukawa kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Mara moja, nikiwa Dar es Salaam kwa semina ya walimu, nilipita kwenye bustani ya mimea ya pale mjini, nikaingia kwa saa nzima. Nilikuta vibao: jina, jina la kitaalamu, asili. Mistari mitatu. Mama mmoja kando yangu alimuuliza mtunza bustani, "Na huu ni dawa ya nini?" Nililazimika kwenda kukaa kwenye kivuli. Nilitamani kumwona Bwana Miti siku ile kuliko nilivyowahi kutamani kumwona mtu yeyote, nilitamani anifungulie albamu yake magotini na mkewe amwambie ale kwanza. Ilikuwa semina ya wiki moja, na Singida ilikuwa njia ya siku moja. Sikwenda.

Nilifika msibani saa tano asubuhi. Wanaume walikuwa nje kwenye turubai. Wanawake walinipitisha ndani hadi chumba alimokaa Mama Mwajuma, amevaa nguo za eda, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho yake bado makali. Nilipiga magoti mkekani.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba. Tumeshapoa." Akanitazama. "Wewe ni yule wa mwandiko."

Sentensi yangu niliyoipanga kutoka Dodoma ikanitoka yote kwa mkupuo, mbele ya wanawake wasionijua: kwamba aliniagiza nifute, sikufuta, kwamba kibao kilikuwa changu, kwamba alisema ni chake nami nikanyamaza, akafukuzwa kazi kwa ajili yangu. Mama Mwajuma aliningoja nimalize, kama alivyokuwa akimngoja mumewe amalize habari za Australia.

"Mwanangu," alisema, "mume wangu alikuwa anaandika kama kuku anayeparua. Mtu gani mwenye macho angeamini kile kibao ni chake?" Mwanamke mmoja akacheka kidogo, akajizuia. "Na kazi ilikwisha Dodoma. Kule mkutanoni walimsomea jina lake kwenye orodha, kabla mtu yeyote hajaugusa ule mti. Aliniambia usiku ule aliporudi. Alisema tusikwambie, usije ukakata tamaa na vibao vyako."

Miaka yote ile! Nilikuwa nimebeba kosa ambalo nusu yake haikuwapo, na yeye alilijua. Hasira ile ya benchi la zahanati ikanirudia, nikasema, karibu kwa sauti ya ugomvi, "Sasa mbona hakuniambia? Mbona hakunitafuta akaniambia?"

"Alikutafuta. Alikwenda Unyambwa ukiwa umeshaondoka. Baada ya hapo akasema, atakuja mwenyewe, binti yule ana aibu lakini ana akili." Mama Mwajuma alisogea ili nipate nafasi mkekani, akanishika mkono. Hakuwa amekasirika. "Angekuambia wapi, mwanangu? Hukuja."